Naginata ni silaha ya nani?

Swali la msomaji wa Tanga: "Mimi ni mwanafunzi wa karate. Katika mchezo mmoja wa kompyuta nimemwona mwanamke wa Kijapani akipigana na kitu kama panga lililotiwa kwenye mpini mrefu, wakasema ni naginata. Kaka yangu anashikilia kuwa hiyo ni silaha ya wanawake tu, kwamba samurai wa kweli alibeba upanga. Je, ni kweli? Ilitumikaje hasa, na mwenye upanga angeweza kumshinda mwenye naginata? Na je, naweza kujifunza mwenyewe?"

Dada yangu,

Kaka yako ameshika nusu ya habari, tena nusu ya mwisho. Kuanzia karne ya 12 hadi ya 16 naginata ilikuwa silaha ya vita ya wanaume. Samurai waliibeba, watumishi wao wa miguu waliibeba, na watawa wapiganaji wa mahekalu makubwa ya Kibudha waliipenda mno. Wanawake wa koo za kisamurai waliirithi baadaye, vita vilipokwisha kuiacha. Mimi naamini kwamba bila wanawake hao ingekuwa leo chuma cha makumbusho, na asingekuwapo mtu anayejua namna ya kuishika.

Nianze na chombo chenyewe, kwa sababu michezo ya kompyuta huipatia sura na kuikosea uzito. Naginata ina ubapa wa chuma wenye makali upande mmoja, uliopinda, makali yakiwa upande wa nje wa mpindo. Urefu wa ubapa kwa kawaida ni kati ya sentimita 30 na 60, ingawa zamani zilikuwapo ndefu zaidi. Mpini, mara nyingi wa mwaloni, huwa kati ya mita 1.2 na 2.4. Ubapa haukufungwa kwa kamba wala kuchomekwa juujuu. Una msuka mrefu unaozama ndani ya mpini, ukashikwa na kigingi kinachopita upande hadi upande. Sehemu hiyo ya mpini huvishwa pete za chuma au kuzungushiwa nyuzi, kisha hupakwa laka, ili mti usipasuke kwa kishindo cha pigo. Kitakoni huwekwa kofia ya chuma iitwayo ishizuki, ambayo husaidia kusawazisha uzito na inaweza kumvunja mtu mbavu.

Kuna jambo ambalo picha haikuonyeshi: mpini si wa mviringo kamili. Umebinywa ubavuni, una umbo la yai. Ukiufumba mkononi gizani, kiganja kinajua makali yameelekea wapi. Mkuki hauhitaji hilo, maana ncha inachoma vilevile hata mti ukizunguka mkononi. Chombo cha kukata kinalihitaji sana, kwani makali yakifika yamelala ubavu yatagonga tu bila kukata.

Mafundi waliofua ubapa huo ni walewale waliofua panga. Walitumia chuma cha tamahagane, kinachopatikana kwa kuyeyusha mchanga wenye madini ya chuma. Kabla ya kuuchovya ubapa majini ukiwa mwekundu waliupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali yakapoa haraka yakawa magumu, mgongo ukapoa polepole ukabaki na ulaini wa kuvumilia pigo.

Leo watu hutofautisha maumbo mawili ya ubapa. La kwanza huitwa la Tomoe, pana na lililopinda zaidi kuelekea nchani. La pili huitwa la Shizuka, jembamba na lililonyooka kiasi. Majina hayo ni ya wanawake wawili wa karne ya 12, na nadhani ndiyo yaliyompotosha kaka yako pamoja na watu wengine wengi. Tomoe Gozen, katika toleo linalosomwa zaidi la Heike Monogatari, simulizi ya kale ya vita vya karne hiyo, anasifiwa kwa upinde na upanga. Mwaka 1184, kule Awazu, anamvuta adui kutoka kwenye farasi na kumkata kichwa. Naginata aliwekewa mkononi na wachoraji wa baadaye. Shizuka Gozen alikuwa mcheza ngoma, kipenzi cha jemadari Minamoto no Yoshitsune, wala umaarufu wake wa kwanza hautokani na silaha. Kizazi kilichokwisha kuzoea kuiona naginata mikononi mwa wanawake ndicho kilichorudi nyuma na kuwavisha mashujaa wa kale silaha hiyo.

Sasa matumizi. Mwenye naginata husimama ubavu, bega moja likimwelekea adui. Mikono imeachana kwa nafasi nzuri, mmoja karibu na kitako, wa pili mbele yake kuelekea katikati ya mpini. Hapo wewe wa karate utahisi hujapotea sana, kwa sababu nguvu inatoka kiunoni. Mikono hiyo miwili haifanyi kazi moja: wa nyuma unavuta huku wa mbele unasukuma, kama mvuvi na kafi lake, na kule mwishoni ubapa unakimbia kwa kasi ambayo mikono yenyewe haina. Kiuno kikigeuka kidogo, ncha imekwisha kupita mita nzima.

Kwa sababu uzito uko mbali, kuianzisha naginata ni rahisi kuliko kuisimamisha. Ndiyo maana mwendo wake mzuri ni wa mzunguko. Pigo likikosa halikatishwi, huachwa lizunguke na kurudi kama pigo jingine, kutoka juu, kutoka chini, kutoka ubavuni. Anayeanza hukosea palepale kila mara: anapiga, anakosa, kisha anakaza mabega kujaribu kuivuta irudi njia ileile iliyopita. Atachoka upesi, na adui atakuwa ameshaingia.

Mikono pia hubadilishana. Katika kendo, mchezo wa Kijapani wa upanga wa mianzi, mkono wa kulia huwa mbele siku zote, lakini kwenye naginata mwili wote hugeuka, wa kushoto ukaja mbele na wa kulia ukarudi nyuma, na mpini ukahama upande. Tendo hilo huitwa mochikae, na bila hilo huna naginata, una fimbo ndefu tu. Tena mpini huteleza ndani ya viganja. Adui akikaribia unauvuta nyuma ubapa uwe karibu nawe, akirudi nyuma unausukuma umfuate. Anayekutazama anapima umbali kwa macho, na umbali wenyewe unabadilika mbele yake. Kuna msimamo mmoja, waki, ambao ubapa wote umefichwa nyuma ya mwili na adui anaona kitako tu. Hajui chuma kitatokea juu au chini, wala kitafika wapi.

Shabaha mashuhuri kuliko zote ni muundi wa mguu. Fikiria mwenye upanga anataka kukukata muundi: lazima ainame au asogee mno, na kichwa chake kinakuja mbele kama zawadi. Mwenye naginata anaufikia mguu huo akiwa amesimama wima, mbali. Katika vita vya kale shabaha ilikuwa pia miguu ya farasi. Samurai wa enzi zile alikuwa kwanza kabisa mpiga upinde wa juu ya farasi, na askari wa miguu aliyeweza kumwangusha farasi alikuwa amekwisha kumpokonya adui nusu ya nguvu zake.

Je, mwenye upanga angeshinda? Kwenye uwanja wa wazi, watu wawili wa ujuzi sawa, mimi ningemtabiria ushindi mwenye naginata bila kusita sana. Hata leo Japani huwa na mapambano ya naginata dhidi ya kendo, na mchezaji wa kendo hulazimika kuvaa kinga za miundi ambazo katika mchezo wake mwenyewe hazivai kamwe. Wengi wanaolijaribu pambano hilo kwa mara ya kwanza hupoteza alama za miguu kabla hawajaelewa kinachotokea. Njia ya mwenye upanga ni moja: avuke ule ubapa, aingie ndani karibu na mikono ya mwenzake, na awahi. Akishaingia, urefu uliokuwa faida unageuka mzigo, ingawa bado kuna kile kitako cha chuma cha kumkaribisha.

Ila ubadilishe uwanja, na jibu linabadilika. Kwenye ujia wa nyumba yenye nguzo na dari fupi, au msituni kati ya miti, naginata hukosa pa kuzungukia. Katikati ya kundi la wenzako ni hatari kwa wenzako. Isitoshe, upanga hukaa kiunoni mchana kutwa, sokoni, safarini, mbele ya mkubwa wako, wakati naginata inahitaji mikono yote miwili au mtumishi wa kukubebea. Sifa kubwa ya upanga ilikuwa hiyo ya kuwapo ulipo. Vitani hasa, samurai alitegemea upinde, kisha silaha za mpini mrefu, na upanga ukawa akiba. Ile picha ya upanga kama roho ya samurai ilikolea sana katika miaka mirefu ya amani, walipokuwa hawana tena vita vya kuijaribia.

Nirudi kwa hao wanaume ambao kaka yako hawajui. Maandishi yanayoitaja naginata kwa jina yanaanza kuonekana katikati ya karne ya 12. Mwaka 1180 ukoo wa Minamoto na ukoo wa Taira waliingia katika vita vilivyodumu hadi 1185, na pambano moja la mwanzo lilikuwa kwenye daraja la mto Uji, karibu na Kyoto. Watawa wa hekalu la Mii-dera walikuwa upande wa mwanamfalme Mochihito na mzee Minamoto no Yorimasa. Waling'oa mbao za daraja ili Taira wasivuke, zikabaki boriti tupu juu ya maji.

Heike Monogatari inasimulia kuwa mtawa aitwaye Gochin no Tajima alitoka peke yake juu ya daraja na naginata mkononi. Taira wakammiminia mishale. Iliyokuja juu aliinama ikapita, iliyokuja chini aliiruka, na iliyomjia usawa wa kifua aliikata hewani kwa kuizungusha naginata, hata wakampa jina la mkata mishale. Kisha akaja mtawa mwenzake, Jomyo Meishu. Akapiga mishale yake hadi ikabaki mmoja, akatupa upinde, akavua viatu, akakimbia juu ya boriti nyembamba. Akaangusha watu watano kwa naginata, na alipomkabili wa sita mpini ukavunjika katikati. Akautupa, akachomoa upanga, akaendelea.

Hesabu za maiti katika simulizi za namna hii usizichukulie kama daftari la karani. Nakuelekeza kwenye mpangilio wa silaha: upinde kwanza, naginata pili, upanga mwisho, mti ulipovunjika. Waliosimulia na waliosikiliza waliona huo ndio utaratibu wa kawaida wa mpiganaji, na hapakuwa na neno lolote la kwamba mtu huyu ameshika silaha ya kike. Benkei naye, mtawa jitu ambaye hekaya inamkalisha kwenye daraja la Gojo akiwapora wapita njia panga zao, huchorwa na naginata mpaka leo, na sijapata kusikia mtu akimwita Benkei laini.

Karne moja baadaye Wamongolia waliivamia Japani, mwaka 1274 na tena 1281. Samurai mmoja aliyepigana, Takezaki Suenaga, aliagiza michoro ya vita hivyo kwenye karatasi ndefu ya kukunja, na humo naginata zimo pamoja na pinde.

Kilichoiangusha ni wingi wa watu. Katika karne za 15 na 16 mabwana wa vita walianza kuingiza vitani maelfu ya askari wa miguu, wengi wao wakulima waliopewa mafunzo ya haraka. Ukiwapanga bega kwa bega, kila mmoja akizungusha ubapa wa sentimita 50, watamalizana wenyewe kabla ya adui kufika. Ukiwapa mikuki mirefu, kazi yao ni kusimama, kuelekeza mbele na kusukuma. Mkuki wa kuchoma, yari, unafundishika haraka na hauhitaji nafasi ya ubavuni. Mwaka 1543 bunduki za Wareno zilifika kisiwa cha Tanegashima, na ndani ya miongo michache mafundi wa Kijapani wakawa wanazitengeneza wenyewe kwa wingi. Naginata ikabaki kwa walinzi, kwa maandamano ya mabwana, na kwa wachache walioipenda.

Nyingi zilikatwa. Fundi alifupisha msuka, akaurekebisha mgongo na ncha, akaivika mpini wa upanga. Silaha za namna hiyo huthaminiwa sana hata leo. Honebami Toshiro, inayohusishwa na fundi Awataguchi Yoshimitsu wa karne ya 13, na mwenzake Namazuo Toshiro, zote zilianza maisha zikiwa naginata. Mpenzi wa panga hutambua chimbuko hilo kwa mkato wa ncha na mfuo uliochongwa karibu na shina la ubapa. Kwa hiyo katika zile panga za kisamurai ambazo kaka yako anazisifu, baadhi ni naginata zilizopunguzwa urefu.

Kuanzia 1603 watawala wa ukoo wa Tokugawa wakaleta amani iliyodumu zaidi ya miaka 250. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mabwana wakubwa walilazimishwa kukaa Edo, Tokyo ya leo, kwa zamu, na wafuasi wao wakaenda nao, wake wakabaki kulinda nyumba. Mke wa samurai alitarajiwa kuilinda kweli, na chombo kilichomfaa dhidi ya mwanamume mzito mwenye upanga ni kile kinachomweka mbali. Naginata ikawa somo la binti. Ikawa pia kati ya vyombo anavyokwenda navyo kwa mume, pamoja na makasha na vioo, mpini umepakwa laka nyeusi na kuchorwa alama za ukoo kwa unga wa dhahabu. Nyingi kati ya zile unazoziona kwenye makumbusho, nyembamba na zinazong'aa, ni za bibi harusi, na sidhani kama kuna aliyewahi kuumizwa nazo.

Usifikiri kwa hayo kuwa ilikuwa pambo tupu. Zilikuwapo shule za kweli zenye kata za kweli, yaani miondoko iliyopangwa, na baadhi ziko hai. Tendo-ryu inahesabu mwanzo wake kwa Saito Denkibo katika karne ya 16. Toda-ha Buko-ryu inafundisha hata naginata yenye mtaimbo wa chuma unaokatiza shingoni mwa ubapa, wa kunasia silaha ya adui. Katori Shinto-ryu, moja ya shule kongwe kuliko zote, inaweka naginata kando ya upanga na mkuki kwa wanafunzi wake wote, wanaume kwa wanawake.

Siku ambayo mafunzo hayo ya mabinti yalijaribiwa kwa damu ilifika mwaka 1868, huko Aizu, kaskazini mwa nchi. Jeshi jipya la mfalme lilikuwa likiwafuata wafuasi wa mwisho wa Tokugawa, na mwezi Oktoba lilivamia mji wa Wakamatsu. Kengele ya hatari ilipogonga, watu wa koo za kisamurai walitakiwa kuingia ngomeni kabla milango haijafungwa. Kundi la wanawake wapatao 20 hawakuwahi. Miongoni mwao alikuwamo Nakano Takeko, mwanamke wa miaka ya ishirini na kitu kidogo, mwalimu wa naginata, pamoja na mama yake na mdogo wake Yuko. Walikata nywele zao fupi, wakaomba kupigana pamoja na wanaume, na baada ya ubishi wakakubaliwa.

Walikutana na adui kwenye daraja dogo nje ya mji. Inasimuliwa kwamba askari wa mfalme walipotambua kuwa walio mbele yao ni wanawake, amri ilitolewa wakamatwe hai, na katika kusitasita huko wanawake wakawafikia na kuwakata kadhaa. Kisha bunduki zikasema. Takeko alipigwa risasi. Hakutaka kichwa chake kiwe ngawira, kwa hiyo kilikatwa na watu wake mwenyewe, kikazikwa katika hekalu la Hokai-ji, Aizubange, ambako kuna kaburi lake na naginata yake ilipelekwa huko. Alikuwa amelifunga shairi lake la kuaga dunia kwenye mpini.

Nisingependa tuishie kwenye machozi, maana kuna mwanamke mwingine wa Aizu ambaye watu huwa wanamsahau wanapozungumzia naginata. Yamamoto Yae, binti wa familia ya wafundisha mizinga, aliingia ngomeni akiwa amevaa mavazi ya mwanamume na bunduki ya Spencer ya risasi saba begani, akashiriki kuilinda ngome hiyo muda wote ilipozingirwa. Aliishi hadi 1932. Wote wawili walikuwa mashujaa. Lakini ukiniuliza kama mtu wa silaha, mwaka 1868 Yae ndiye aliyekuwa na chombo cha wakati wake. Hata ustadi wa Takeko usingeweza kuruka mita 100 za risasi.

Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku kubeba panga hadharani. Katika miaka hiyo waalimu wa silaha walikosa kazi, na baadhi wakageukia maonyesho ya kulipia kiingilio, mwenye upanga wa mianzi akipambana na mwanamke mwenye naginata ya mbao, umati ukishangilia. Wapo waliodharau jambo hilo kama ukosefu wa heshima. Mimi nalihesabia wema, kwa sababu lilizalisha watu kama Sonobe Hideo (1870–1963), aliyejiunga na kundi la maonyesho angali kijana, akapata sifa ya kuwashinda wanaume wengi, na baadaye akawa mkuu wa shule ya Jikishinkage-ryu. Kupitia wanawake kama yeye na Mitamura Chiyo wa Tendo-ryu, naginata iliingia katika shule za wasichana za serikali. Kulikuwa na upande wa giza pia: kufikia miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa imefanywa sehemu ya kuwaandaa wasichana kwa vita.

Baada ya 1945 utawala wa Marekani ulizuia michezo ya silaha shuleni. Iliporuhusiwa tena, ilirudi ikiwa na sura mpya. Sakakida Yaeko, aliyesomea shule za kale, alikuwa mmoja wa walioweka msingi wa mtindo mmoja wa pamoja usiofungamana na ukoo wala shule, na mwaka 1955 shirikisho la Japani likaanzishwa. Makao yake yako Itami, mkoa wa Hyogo. Shirikisho la kimataifa lilianzishwa 1990, na mashindano ya dunia ya kwanza yakafanyika Tokyo mwaka 1995.

Katika mchezo huo wa leo chombo cha mapambano kina urefu wa kati ya mita 2.10 na 2.25, mpini wa mwaloni na ubapa wa vipande viwili vya mianzi vilivyofungwa kwa utepe. Wachezaji huvaa kinga ya uso, ya kifua, ya mikono, ya kiuno na ya miundi. Alama hutolewa kwa pigo la kichwa, mkono, ubavu au muundi, au kwa kuchoma, na anayetangulia kupata mbili ndiye mshindi. Kugusa tu hakutoshi. Mwamuzi anataka sauti, mkao uliosimama vizuri, sehemu sahihi ya ubapa, na umakini unaoendelea baada ya pigo. Kuna pia shindano la wawili wawili wanaoonyesha miondoko iliyopangwa, bila kinga, wakihukumiwa kwa bendera. Kwa Japani wanawake bado ni wengi zaidi, na wanaume wanacheza.

Kuhusu kujifunza mwenyewe: mapambano hapana, msingi ndiyo, kwa kiasi. Wewe tayari una kiuno, una miguu, una kata. Chukua mti mgumu ulionyooka wa mita 2.1 hivi, usugue kwa msasa mpaka usiwe na kibanzi, maana mpini huu utateleza viganjani kutwa. Kama unaweza kuubinya uwe umbo la yai, afadhali. Weka alama ya rangi upande wa makali ili ujikosoe. Fanya mapigo ya juu kwa pande zote mbili, kulia na kushoto idadi sawa, na mochikae polepole sana. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama ubavu kwa kamera. Kitu cha kuangalia ni kama kiuno kinatangulia au mikono ndiyo inayotangulia. Fimbo ya bo ya karate, ya sentimita 182, itakusaidia kwa wiki za mwanzo, ila mbinu nyingi za bo hutumia ncha zote mbili karibu sawa, na ukizizoea utasahau kuwa upande mmoja una makali.

Mwalimu wa kendo, ukimpata, ni msaada mkubwa hata kama hajawahi kushika naginata, kwa sababu atakufundisha umbali na namna ya kuvaa kinga. Ukisafiri kwenda nchi yenye chama cha naginata, wengi hupokea wanaoanza na huwa na vifaa vya kuazima.

Usinunue zile naginata za chuma za mapambo zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Nyingi zina msuka mfupi uliokazwa kwa skrubu, mpini wa vipande viwili vinavyoungwa katikati, na chuma kisichopashwa sawasawa. Ukiizungusha kwa nguvu ubapa unaweza kuchomoka, na hutachagua utakapotua. Ya ukutani ibaki ukutani. Na ukija kupata mwenza wa mazoezi, anzeni na ubapa wa mianzi na kinga za miundi kwa wote wawili, hata kwa mazoezi ya polepole. Kabla ya kila zoezi pitisha kidole juu ya mianzi na utepe, na ukikuta ufa, badilisha ubapa kwanza.